Muziki si tamasha pekee: Jinsi somo hili linavyoweza kufundishwa katika shule za upili

KILA mwaka, shule za upili kutoka pembe zote za Kenya hupeleka kwaya, wachezaji ngoma na wapigaji ala katika Tamasha la Muziki la Kenya. Vikombe hushindaniwa kwa ari kubwa, na shule inayofika ngazi ya kitaifa hupokewa nyumbani kwa vigelegele.

Hata hivyo, ukiichungua ratiba ya masomo ya nyingi kati ya shule hizo, hupati kipindi hata kimoja cha muziki. Kwaya hukusanywa majuma machache kabla ya mashindano, hufunzwa nyimbo mbili tatu, hushindana, kisha hutawanyika hadi mwaka unaofuata.

Mtihani wa KCSE nao unasimulia hadithi iyo hiyo. Katika miaka ya hivi karibuni, watahiniwa zaidi ya 800,000 wamekuwa wakiufanya mtihani huo kila mwaka, lakini wanaoteua muziki ni sehemu ndogo mno ya idadi hiyo.

Suala hili limepata uzito mpya. Wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi (CBC) waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na muziki ni mojawapo ya masomo ya mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwanafunzi mwenye kipawa sasa ana njia rasmi ya kukiendeleza, almuradi shule yake iwe na mtu anayejua kumfundisha.

Wakuu wengi wa shule hudhani kwamba kizuizi ni gharama ya piano na ala nyingine za kigeni. Ukweli ni kwamba ala ya kwanza ya somo hili ni koo la mwanafunzi mwenyewe, na ya pili ni viganja vyake. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango wa mafunzo unaoendelea juma baada ya juma.

Wimbo mmoja na muziki wote

Kuna tofauti kubwa baina ya kufunza wimbo na kufunza muziki. Anayefunza wimbo huimba mstari, wanafunzi wakauiga, akarudia hadi wakaukariri. Akiondoka, wanafunzi hubaki na wimbo huo mmoja. Hawana uwezo wa kuanza mwingine bila yeye.

Anayefunza muziki humpa mwanafunzi uwezo wa namna tatu: kusikia sauti na kuitambua, kuitoa kwa koo au kwa ala, na kuisoma na kuiandika. Mwenye uwezo huo anaweza kupewa karatasi yenye wimbo asioujua kamwe, akauimba peke yake.

Mtihani wa KCSE umejengwa juu ya misingi iyo hiyo. Karatasi ya kwanza ni ya utendaji, ambapo mtahiniwa huimba au hupiga ala mbele ya mtahini. Karatasi ya pili hupima masikio, kwani mtahiniwa husikiliza na kuandika alichokisikia. Karatasi ya tatu ni ya maandishi. Humo hutahiniwa nadharia, utunzi, historia na uchanganuzi wa muziki wa Kiafrika na wa Kimagharibi.

Ni dhahiri kwamba mwanafunzi aliyekariri nyimbo za tamasha pekee hawezi kuzikabili karatasi hizo, hata akiwa na sauti tamu ya kuwatoa watu machozi.

Safari ya somo lenyewe

Mafunzo ya muziki ya kishule yaliletwa Kenya na wamishenari waliotaka waumini waimbe tenzi za kanisani kwa sauti nne. Chombo chao kikuu kilikuwa mfumo wa solfa, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti.

Mfumo huo uliasisiwa nchini Uingereza na mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich, kisha ukaboreshwa na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19. Ulienea kwa sababu hauhitaji kinanda wala karatasi maalumu. Herufi za kawaida zinatosha, na mwalimu aweza kuziandika ubaoni kwa chaki.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927. Mwanzoni liliegemea mno nyimbo za Kizungu, lakini baadaye nyimbo za asili, ngoma na ala za jamii za Kenya zikapewa nafasi yake.

Mwaka wa 1963, taifa lilipojiandaa kwa uhuru, jopo la wanamuziki watano lilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichagua lahani ya bembelezi ya Wapokomo, ile ambayo mama humwimbia mtoto alale. Waliipata kwa Mzee Meza Moroa Galana.

Kazi yao ni kielelezo bora cha kile somo la muziki linachokusudia. Waliusikiliza wimbo wa kijijini, wakauandika, kisha wakaupangia sauti zinazopatana ili uweze kuimbwa na kwaya na kupigwa na bendi. Kusikia, kuandika na kupanga ndizo stadi ambazo mwanafunzi wa kidato anatarajiwa kujifunza.

Omondi baadaye aliongoza tume ya rais kuhusu muziki, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka wa 1984. Mwaka uliofuata mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, na muziki ukawa sehemu ya mafunzo ya shule za msingi, ukitahiniwa pamoja na sanaa na ufundi.

Pigo lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtaala ulipopunguzwa na muziki ukaondolewa katika mtihani wa KCPE. Kipindi cha muziki kilibaki kwenye ratiba, lakini walimu wengi walikitumia kufundishia Hisabati au Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi wanafunzi waliingia Kidato cha Kwanza bila kuijua noti hata moja, nao walimu wa upili wakalazimika kuanzia sifuri.

Mwili kwanza, karatasi baadaye

Walimu wazoefu hukubaliana kwamba sauti hutangulia alama. Mtoto hujifunza kuzungumza kabla ya kujifunza kuandika, na muziki nao ni vivyo hivyo. Kumkabidhi mwanafunzi mistari mitano na noti zake siku ya kwanza ni kumtia hofu isiyo na sababu.

Mafunzo huanza kwa mdundo. Chukua mfano wa mapigo yanayosikika katika ngoma nyingi za Kenya, ambapo matatu huenda sambamba na mawili. Darasa huhesabu kutoka moja hadi sita, tena na tena, bila kusita. Viganja hupigwa kwenye hesabu ya 1, 3 na 5. Mguu hukanyaga kwenye hesabu ya 1 na 4.

Mwanzoni viganja na mguu hugombana. Baada ya dakika chache, wengi hushtukia kwamba mwili umeshika kile ambacho akili ilikuwa ikikisumbukia. Hapo ndipo mwalimu huandika mapigo hayo ubaoni, na mwanafunzi huona alama za kitu ambacho tayari anacho mwilini.

Baada ya mdundo huja lahani. Njia rahisi ni kuanza na sauti chache, si zote saba. So na mi hutangulia, kisha la, halafu do na re. Sauti hizo tano zinatosha kwa nyimbo nyingi za asili, kwa kuwa jamii kadhaa za Kenya hutumia ngazi ya sauti tano.

Ishara za mikono alizoziingiza Curwen, na ambazo baadaye zilienezwa na Zoltán Kodály wa Hungaria, husaidia sana katika hatua hii. Kila sauti ina umbo lake la mkono, na mkono hupanda au kushuka kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Mwalimu aweza kuliongoza darasa zima bila kutamka neno, nao wanafunzi wakawa wanasoma sauti hewani.

Hatua ya mwisho ni mistari mitano. Aliyezoea solfa hugundua kwamba mistari hiyo ni ngazi iliyochorwa. Akishaelezwa do imekaa wapi, sauti nyingine hujipanga zenyewe. La msingi akumbuke kuwa hatua kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, ni nusu ya hatua nyingine. Ndiyo sababu katika piano hakuna kibao cheusi mahali hapo.

Sauti inapovunjika

Mwalimu wa upili ana changamoto ambayo mwenzake wa chekechea hana. Wanafunzi wake wamo katika umri wa kubaleghe, na sauti zao zinabadilika mbele ya macho yake.

Kwa wavulana, zoloto hukua haraka, nyuzi za sauti zikarefuka na kunenepa. Uzi mrefu na mnene hutikisika polepole, hivyo sauti hushuka, kwa kawaida kwa takriban okteva moja. Katika kipindi hicho, mvulana aweza kufungua kinywa akikusudia sauti moja ikatoka nyingine.

Wenzake humcheka, naye huamua kutoimba tena. Mwalimu asiyeelewa kinachotokea humwambia hana kipawa, akamwondoa kwaya. Kwa njia hii vipawa vingi huzikwa vingali hai.

Dawa yake ni subira na mpangilio. Mvulana huyo hupewa sehemu yenye sauti chache zilizo karibukaribu, katikati ya uwezo wake wa wakati huo, na sehemu hiyo hubadilishwa kadiri sauti inavyotulia. Akishindwa kabisa kwa majuma machache, apewe kayamba au ngoma ili asalie ndani ya muziki.

Wasichana pia hupitia mabadiliko, ingawa ni madogo zaidi. Sauti zao huwa na pumzi nyingi kwa muda na kukosa nguvu. Kuwalazimisha kupiga kelele ili kwaya isikike mbali ni kuwadhuru.

Ala zilizo karibu

Kuhusu ala, Kenya si maskini. Kuna nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane, obokano ya Abagusii, litungu ya Wabukusu, wandindi ya Agikuyu, pamoja na kayamba na chivoti za Pwani. Zote hutengenezwa kwa mbao, ngozi, matete, mianzi au vibuyu.

Ala hizi si za kupambia jukwaa tu. Mpigaji nyatiti, kwa mfano, hufanya kazi ya watu kadhaa kwa wakati mmoja. Vidole hucheza nyuzi, pete ya chuma iliyovaliwa kidoleni mwa mguu hugonga ubao wa ala, njuga hulia mguuni, na juu ya hayo yote yeye huimba. Mwanafunzi anayeijaribu kazi hiyo hujifunza kutenganisha midundo kwa namna ambayo kitabu hakiwezi kumfunza.

Ugumu uliopo ni kwamba ala hizi hazikuundwa kufuata vibao vya piano. Mafundi huzilinganisha kwa sikio, kwa kufuata sauti ya mwimbaji. Mwalimu anayezipima kwa piano na kusema zimepotoka hakosoi ala, anakosa kuielewa. Afadhali zifundishwe kama wanavyozifundisha wenyewe, yaani kwa kuketi karibu na fundi, kumtazama na kumwiga. Maandishi yafuate baadaye.

Haja ya kufanya hivyo ni ya dharura. Mwaka wa 2014, shirika la UNESCO liliiweka ngoma ya isukuti ya jamii za Isukha na Idakho, magharibi mwa Kenya, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa upesi. Ngoma hiyo hutumia seti ya ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, ikiandamana na pembe ya swara na njuga. Hofu iliyotajwa ni kwamba mafundi wengi ni wazee, nao hawana warithi.

Shule iliyo karibu na fundi wa aina hiyo ina mwalimu asiyepatikana chuoni. Kumwalika mara mbili tatu kwa muhula, kumlipa nauli na ujira wake, na kumrekodi kwa idhini yake ni gharama ndogo ikilinganishwa na safari moja ya kwaya kwenda mashindanoni.

Kwa sayansi ya sauti, hata takataka zina faida. Chupa za kioo zikitiwa maji kwa viwango tofauti na kugongwa, yenye maji mengi hutoa sauti ya chini. Zikipulizwa mdomoni, hali hugeuka: yenye maji mengi hutoa sauti ya juu, kwa kuwa nafasi ya hewa imepungua. Uzi nao ukibanwa katikati, nusu yake hutoa sauti ya okteva moja juu. Mwalimu wa Fizikia na wa muziki wanaweza kukishirikiana kipindi hicho.

Je, muziki una faida gani?

Wazazi wengi huuliza iwapo somo hili litampatia mtoto wao riziki. Ni swali la haki, na lafaa kujibiwa bila kutiwa chumvi.

Baadhi ya watetezi wa muziki hudai kwamba unamwongezea mtoto akili na kumwinua katika Hisabati. Dai hilo si thabiti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Giovanni Sala na Fernand Gobet, na kuchapishwa mwaka wa 2020, ulibainisha kuwa tafiti zilizofanywa kwa umakini zaidi hazikuonyesha manufaa hayo. Muziki unastahili kufundishwa kwa ajili ya muziki wenyewe, kama vile fasihi inavyofundishwa kwa ajili ya fasihi.

Kazi, hata hivyo, zipo. Bendi za jeshi na polisi huhitaji wapigaji wanaosoma noti. Makanisa huhitaji viongozi wa kwaya na wapiga vinanda. Studio, filamu na matangazo ya biashara huhitaji watunzi. Shule zenyewe zina uhaba wa walimu wa somo hili.

Kuna pia suala la haki. Msanii asiyeweza kueleza alichokitunga yeye na kilichotungwa na mwenzake hudhulumiwa kwa urahisi studioni. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 humlinda mtunzi, lakini ulinzi huo humfaa zaidi anayeijua kazi yake na kuihifadhi kwa maandishi au kwa rekodi.

Yanayowezekana sasa

Serikali ilipouandaa mfumo wa sekondari ya juu, ilikadiria kwamba takriban asilimia 15 ya wanafunzi wangefuata mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Si kila shule inatoa mkondo huo. Shule ndogo za kutwa ndizo zilizo katika hatari ya kuukosa, ilhali humo ndimo wamo watoto wengi wa maskini wenye vipawa.

Shule isiyo na mwalimu aliyesomea muziki inaweza angalau kuanzisha chama cha muziki chenye kipindi kimoja cha dakika 40 kila juma, mwaka mzima. Dakika kumi ziwe za mdundo, kumi za kusoma solfa, kumi na tano za wimbo, na tano za kusikiliza na kujadili. Haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi anayesoma mistari miwili mipya ya solfa kila juma atakuwa amesoma zaidi ya hamsini kabla ya mwaka kwisha.

Shule zinazokaribiana zinaweza kugawana mwalimu mmoja, naye akazizungukia kwa zamu. Simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti za darasa ili wanafunzi wajisikilize na kujikosoa.

Tamasha nalo halifai kupuuzwa. Ni jukwaa linalowapa wanafunzi ari na kuwakutanisha na wenzao wa jamii nyingine. Kasoro huja pale linapogeuzwa kuwa mwanzo na mwisho wa muziki shuleni, hata mkufunzi wa kukodiwa akaletwa kuwakaririsha watoto wimbo kwa ajili ya kombe. Shule yenye mafunzo ya mwaka mzima itafika tamashani ikiwa na kwaya iliyo tayari kujifunza wimbo wowote kwa siku chache.

Mzazi anayetaka kujua iwapo shule ya mwanawe inafunza muziki hana haja ya kuhesabu vikombe kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Mtoto arudipo likizoni, amwandikie sauti sita kwenye karatasi: do, re, mi, so, la, so. Mtoto akiziimba bila kusaidiwa, shule imefanya kazi yake. Akishindwa, mzazi ana swali la kuuliza katika mkutano ujao wa wazazi.